Mbio za Polepole za Mhasibu wa Tabata

Kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa nne kunamtaka mtu akimbie kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41, bila kusimama kufunga kamba za raba na bila kuingia chooni. Mhasibu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, aliyajua mahesabu hayo kwa kichwa kabla hajayajua kwa miguu. Alikuwa ameshamaliza Kilimanjaro Marathon kwa saa 4 na dakika 50 hivi, yaani karibu dakika 6 na sekunde 52 kwa kilomita. Pengo lilikuwa la sekunde 71. Kwa mtu ambaye kila mwisho wa mwezi hutafuta shilingi zilizopotea kwenye vitabu vya kampuni, sekunde 71 zilikuwa kitu cha kutafutwa mpaka kipatikane.

Zitafutwe wapi, hilo ndilo swali. Anayedamka Jumamosi na kufika Coco Beach kabla jua halijachomoza atakutana na majibu ya aina mbili. Kuna vikundi vya joging, fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo nyuma, watu wanaokimbia huku wakitaniana. Halafu kuna wale wenye saa kubwa mkononi. Hao hawaimbi. Wanapita wakihema, macho kwenye namba, na kila asubuhi kwao ni mtihani: kama mbio zinataka dakika 5 na sekunde 41, basi na mazoezi yawe ya dakika 5 na sekunde 41, leo, kesho na keshokutwa.

Mhasibu alikuwa tayari kujiunga na kundi la pili. Aliyemzuia ni mzee mmoja wa mtaani kwao, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kukimbia katika timu za jeshi miaka ya themanini, ambaye goti lake la kulia siku hizi halimruhusu zaidi ya kuendesha baiskeli. Si ajabu ushauri wa mbio Tanzania kutoka kambini. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa mwaka 2025, naye ni mwanajeshi.

Asubuhi ya kwanza walikutana Segerea, giza bado halijaondoka. Mzee alikuwa juu ya Phoenix yake nyeusi, koti la mvua limefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu. Jana uliangalia mechi?"

"Niliangalia."

"Basi twende. Nisimulie, anza kipindi cha kwanza."

Wakaondoka kuelekea Kinyerezi, mmoja kwa miguu, mwingine kwa pedeli. Mhasibu akaanza vizuri: nani alianza golini, nani aliachwa benchi, Simba walivyobanwa dakika za mwanzo. Barabara ilipoanza kuinuka, simulizi ikaanza kupungua viungo. "Yanga wakapata kona... yule beki... akaruka..." Kengele ya baiskeli ikalia.

"Hapo hapo. Sentensi imekatika, mwendo umezidi. Punguza mpaka umalize ile kona."

Aliimaliza akiwa kwenye mwendo wa dakika saba na zaidi kwa kilomita. Kikundi cha joging cha akina mama kikawapita kwa wimbo, na mmoja wao akamwambia mhasibu, kwa upole kabisa, asikate tamaa. Hilo lilimuuma kuliko mlima. Lakini agizo la kocha halikubadilika: siku nyingi za wiki, mechi isimuliwe mpaka filimbi ya mwisho bila kukata pumzi.

Wazo hili la kukimbia polepole lina historia ndefu, na limepitia mikononi mwa mtu wa ridhaa. Arthur Lydiard alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu huko Auckland, New Zealand. Alijiona mzima wa afya kwa kuwa alicheza raga, mpaka mwenzake wa klabu ya riadha alipomchukua kwenye mbio za kilomita nane hivi na kumrudisha hoi. Lydiard hakuwa na maabara wala mdhamini. Akaanza kujipima mwenyewe: wiki za kilomita chache, wiki za kilomita nyingi kupita kiasi, kasi kubwa, kasi ndogo, miaka kwa miaka, kabla na baada ya kazi. Mwishowe akafikia kilomita 160 kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo wa kuzungumza, ndipo kasi ikaongezwa mwishoni. Kwa mpango huo alitwaa ubingwa wa marathoni wa New Zealand mwaka 1953 na tena mwaka 1955.

Vijana wa mitaa ya jirani wakaanza kumfuata. Tarehe 2 Septemba 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, wawili kati yao walitwaa dhahabu siku moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5000. Siku chache baadaye Barry Magee, mwanafunzi wake mwingine, alipata shaba ya marathoni, zile mbio ambazo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda akiwa peku kwa saa 2:15:16. Cha kushangaza zaidi ni Snell. Mbio zake hazifiki dakika mbili, lakini Lydiard alimpitisha kwenye njia ya milima ya Waitakere yenye urefu wa kilomita 35 pamoja na wakimbiaji wa marathoni.

Lydiard huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, aliwahimiza watu wazima wa Auckland, baadhi yao wagonjwa wa moyo, watoke wakakimbie taratibu kwa vikundi. Kocha wa Marekani Bill Bowerman alipomtembelea akayaona hayo, akarudi Oregon na kuyaeneza. Kwa hiyo wale akina mama waliompita mhasibu kwa wimbo na kocha wa mabingwa wa Roma wametoka kwenye shina moja.

Mwendo wa polepole unafanya kazi gani mwilini? Kwanza, unajenga. Wiki baada ya wiki, misuli inaongeza mitokondria, vile viwanda vidogo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, na vishipa vyembamba vya damu vinaongezeka kuizunguka misuli hiyo. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mwili unajifunza kutumia mafuta yake wenyewe na kuutunza wanga. Mabadiliko hayo yanataka muda mwingi wa kukimbia, na muda mwingi haupatikani kwa mtu anayejichosha kila siku. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliyachunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, makasia, baiskeli na mchezo wa kuteleza kwenye theluji, akakuta wanakaribia kufanana: takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi na asilimia 20 tu ndivyo vigumu.

Mkimbiaji wa ridhaa kwa kawaida hufanya kinyume. Siku zake nyepesi si nyepesi, na kwa sababu hiyo siku zake ngumu hazina makali. Anabaki katikati, amechoka kila siku kwa kiasi kile kile, na saa yake inakataa kusogea.

Kaptagat, nchini Kenya, ndiko wengi wanakotazama wakitafuta mfano. Eliud Kipchoge alitoka huko kwenda kukimbia Vienna kwa saa 1:59:40 mwezi Oktoba 2019, katika jaribio maalumu lisilohesabika kama rekodi, kisha Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09. Video za kambi yao zinapendwa: Alhamisi ya kilomita 30 au 40 kwenye udongo mwekundu, msururu mrefu, vumbi, kasi. Video hizo hazidumu sana kwenye asubuhi nyingine, pale wanaume hao hao wanapoanza kwa mwendo ambao mtu wa Tabata angeweza kuufuata kwa muda. Wala hakuna anayetaka kutazama video ya mtu aliyelala mchana. Lakini usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi yao, kama ilivyo chai na ugali.

Mhasibu hawezi kulala mchana. Ana ripoti, ana daladala la jioni, ana watoto wenye kazi za shule. Kwa hiyo mfano unaomfaa zaidi unatoka Japani. Yuki Kawauchi alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama, akifanya kazi za ofisi katika shule ya sekondari, bila kocha na bila kampuni ya kumlipa. Kwa kuwa kazi ilimla sehemu kubwa ya siku, siku za kazi alifanya mazoezi mara moja tu, wakati wenzake wa timu za makampuni walifanya mara mbili. Siku zake nyingi zilikuwa za mwendo mwepesi, na siku ngumu zilikuwa chache mno. Tarehe 16 Aprili 2018, katika mvua ya baridi na upepo wa usoni, alimpita Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi na bingwa wa dunia, akashinda Boston Marathon kwa saa 2:15:58. Mwaka uliofuata ndipo alipoacha kazi ya serikali.

Wiki ya mhasibu ilipangwa kwa jicho hilo. Jumanne ni mlima wa Kinyerezi: kupanda kwa nguvu kwa dakika mbili au tatu, kushuka kwa kutembea, kurudia mpaka kocha aseme basi, na kila mara alisema basi mapema kuliko mwanafunzi alivyotaka. Alhamisi ni kilomita chache za mwendo wa mbio zenyewe, ili miguu iujue ule wa dakika 5 na sekunde 41 bila kuitazama saa. Jumamosi ni mbio ndefu, kutoka Coco Beach kupitia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, na kurudi, tena na tena, mpaka zifike kilomita 30. Siku zilizobaki ni mechi za kusimuliwa na siku za kupumzika kabisa.

Kulikuwa na adui ambaye hayumo kwenye vitabu vya Ulaya. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazoezi yake yote makubwa yanaangukia msimu wa kaskazi, ambapo Dar es Salaam inakuwa na joto na unyevu hata alfajiri. Katika hali hiyo moyo una kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Mwendo ule ule unagharimu mapigo mengi zaidi. Mwili huzoea, unatoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu, lakini unahitaji wiki moja hadi mbili, na hata ukizoea, saa itaonyesha namba mbaya. Hapo mtu anayekimbia kwa saa hujiharibu, na anayekimbia kwa simulizi ya mpira husalimika. Ramadhani nayo, kwa kuwa hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, miaka hii imekaribiana na msimu huo huo, na wenzake kadhaa wa Jumamosi walihamishia mbio zao karibu na futari na kuzifupisha.

Suala la chakula lilimfurahisha, maana lilikuwa la mahesabu. Mtu hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Mhasibu ana kilo 75, hivyo marathoni inamdai zaidi ya 3,100. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, ule unaoitwa glaikojeni, hutoa kilokalori 2,000 hivi. Mafuta ya mwili yapo mengi, ila hayatoi nguvu kwa haraka inayotakiwa. Ndiyo maana watu wengi hukata moto kati ya kilomita ya 30 na ya 35: miguu ipo, nia ipo, wanga umekwisha. Anayeanza kwa kasi kubwa huumaliza mapema zaidi, kwa sababu kasi inakula wanga kuliko mafuta.

Dawa ni kula njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na kulifundisha tumbo kazi hiyo wakati wa mazoezi. Jeli za wakimbiaji zilikuwa ghali, basi akatumia tende zilizotolewa kokwa, zimefungwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa bukta. Jumamosi za mwanzo zilimkaba. Baadaye akajua kula moja kabla tu ya kufika kwenye maji.

Na maji yenyewe yana kipimo. Mkimbiaji wa polepole hupita vituo vingi, na kila kituo kina mtu mwema anayemnyooshea chupa. Mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani kwa kunywa mno, na waliotumia zaidi ya saa nne. Kocha alikuwa na kanuni fupi kuliko ya watafiti: unywe ukiwa na kiu.

Wiki tatu za mwisho kilomita zikapunguzwa. Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu, wakidhani nguvu zinavuja, wakaenda kujipima kwa mbio ndefu ya mwisho. Mwili hauvuni matunda ya mazoezi ya siku kumi kabla ya shindano. Unabeba tu uchovu wake. Mhasibu alizitumia asubuhi hizo za bure kuulizia bei ya raba zenye bati la kaboni, zile zilizovuma kuanzia mwaka 2017 na ambazo maabara zilionyesha zinapunguza gharama ya nguvu kwa wastani wa asilimia nne kwa wakimbiaji wazoefu. Bei aliyotajiwa ilimrudisha kwenye raba zake za mtumba za soko la Karume, ambazo zilikuwa zimeshaizoea miguu yake.

Njia ya Kilimanjaro Marathon, mjini Moshi, humwadhibu asiye na subira. Nusu ya kwanza ni tambarare kiasi, unatoka mjini kuelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi, na kwa ubaridi wa asubuhi kila mtu anajiona Simbu. Kisha barabara inageukia Mweka na kupanda, kilomita baada ya kilomita, jua likiwa limeshakolea, mlima mkubwa uko mbele kama hauna mawingu. Ukishageuza ndipo unateremka hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kocha alikataza kutumia kasi moja. Alitaka juhudi moja: tambarare kwa utulivu, mlimani apoteze anachopoteza, akishuka arudishe sehemu yake.

Ili kumwelewesha alimsimulia mbio mbili. Boston ya mwaka 1988, Ikangaa alikimbia mbele kama ilivyokuwa desturi yake, akiwavuta wenzake kwa kilomita nyingi, na mwisho Ibrahim Hussein wa Kenya akamshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Tokyo, Septemba 2025, Simbu alivumilia ndani ya kundi katika joto, akaingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamkamata kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mhasibu alipita nusu ya njia kwa saa 2 na dakika 1. Kwenye mlima wa Mweka aliwapita watu waliokuwa wakitembea, mikono kiunoni, wengine wakijinyoosha misuli iliyobana kwenye kingo za barabara, na alipojaribu kumsimulia mmoja wao mechi ya Jumatano iliyopita sentensi zake zilifika mwisho. Kwenye mteremko mapaja yalianza kuuma kwa namna ambayo Kinyerezi haikuwahi kumwonyesha. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 6.

Zile sekunde 71 za kila kilomita zilikuwa zimebaki tisa hivi. Wiki iliyofuata, miguu ikiwa bado inakataa ngazi, alimpelekea kocha pendekezo lililochapwa: siku ya pili ya kasi kila wiki, mazoezi ya kuteremka, na raba za kaboni kwa mkopo wa miezi mitatu. Mzee alilisoma lote, akakubali mteremko, akarudisha karatasi.

"Dakika sita zako ziko kitandani, mwanangu. Unalala saa tano, unaamka saa kumi."

"Kocha, kazi haziniruhusu."

"Basi na siku ya pili ya kasi haikuruhusu."

Hawajakubaliana mpaka leo. Mhasibu anashikilia kwamba mwili wake unaweza kubeba zaidi, na anao ushahidi wa dakika 44 alizozipunguza. Kocha anasema dakika hizo zililetwa na mazoezi mepesi pamoja na zile wiki tatu alizopumzika, na kwamba asiyelala hajengi kitu, anabomoa tu. Wamepeana majaribio mpaka masika yaishe: kitandani saa tatu na nusu siku zote za kazi, siku moja ya kasi, mteremko wa Kinyerezi kila Jumanne. Zilizobaki kupatiwa jibu ni siku tatu za mwisho wa kila mwezi, pale vitabu vinapofungwa na ofisi nzima inatoka usiku wa manane. Siku hizo kocha ameagiza asikimbie kabisa, na mhasibu bado anazikatia rufaa.